Farasi wa Sentimita Kumi na Tano

Sogeeni mezani, wajukuu zangu. Kila mmoja aweke mbele yake vitu alivyoambiwa aje navyo: waya mwembamba wa kufungia nondo, chupa tupu ya dawa ya kikohozi, magazeti ya zamani, vipande vya ngozi kutoka kwa fundi viatu, viberiti viwili vitupu, mchanga mkavu na nyuzi za katani. Gundi nimeipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na bado ina joto.

Tunaunda farasi wa jeshi. Si yule wa gwaride, anayepandwa na askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi huku manyoya yanang'aa. Wetu ni farasi wa mizigo. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya askari akiwa amebeba risasi, unga, maji na dawa. Aliletwa huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1914 na 1918, Waingereza walipopigana na Wajerumani kuitwaa nchi ambayo haikuwa ya hao wala ya hawa. Wengi wa farasi hao waliteremshwa melini Mombasa wakiwa wazima, na hawakuiona tena bahari.

Kipimo chetu ni moja kwa kumi: sentimita moja hapa mezani ni sentimita kumi za farasi hai. Farasi wa mizigo hakutakiwa kuwa mrefu sana, maana mzigo uliinuliwa na watu wawili kwa pamoja, mmoja kila upande, na kama mgongo uko juu mno mikono haifiki. Basi tuchukue kimo cha sentimita 150, kuanzia ardhini hadi pale juu ya mabega shingo inapoanzia. Farasi wetu atakuwa na sentimita 15. Chukueni rula, mchore mstari wa urefu huo kwenye karatasi. Mstari huo ndio utakaotuongoza kazi nzima.

Kichwa cha farasi kinaingia mara mbili na nusu katika kimo chake. Gawanyeni. Ndiyo, sentimita sita. Urefu wa mwili, toka kifuani hadi matakoni, unakaribia kimo chenyewe, kwa hiyo ukimtazama farasi ubavuni, mwili na miguu vinakaa ndani ya mraba. Watoto wengi wakichora farasi humrefusha sana mgongo. Ninyi mna rula, hamna sababu ya kumrefusha.

Sasa miguu, na hapa nataka tuende taratibu. Simama wewe, shika kiganja chako. Lile tunaloliita goti la mbele la farasi, kwa mifupa, ni kifundo cha mkono wako, hapo unapovaa saa. Na lile goti la nyuma linaloelekea kinyume, ambalo huwashangaza wengi, si goti hata kidogo. Ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na nyama. Farasi anatembea maisha yake yote juu ya ncha ya kidole kimoja kwa kila mguu, na kwato ni ukucha wa kidole hicho. Ukishalijua hilo, waya unajua pa kukunjwa. Mguu wa mbele unyooke mpaka chini. Wa nyuma uende mbele kidogo, urudi nyuma kwenye kisigino, kisha ushuke wima.

Funga waya wa miguu kwenye chupa, ile ya dawa, ndiyo kifua na tumbo. Ijaze mchanga, na kifuniko ukikaze. Kisha anza kuvingirisha karatasi zilizoloweshwa gundi, tabaka moja baada ya jingine, mpaka unene wa kifua ufike sentimita tano na nusu hivi. Usiwe na haraka. Kila tabaka likauke nusu kabla ya kuweka jingine, la sivyo litaoza kwa ndani, hasa katika joto hili la Segerea, hapa Dar es Salaam.

Huku karatasi zikikauka, nisikilizeni.

Miaka mingi kabla ya vita ile, bidhaa za bara zilifika pwani mabegani mwa watu. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilitembea kwa miezi, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na chakula. Punda wachache walikuwepo. Farasi hakuwepo. Watu wa pwani walimjua farasi: walimwona Unguja, walisikia habari zake kwa Waarabu. Lakini hakuna mfanyabiashara mwenye akili aliyempeleka Tabora akitumaini kumrudisha. Walijua atakufa. Walichokuwa hawajui ni kinachomuua.

Mwaka 1895, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce, akiwa Ubombo katika nchi ya Wazulu huko kusini, akisaidiwa na mkewe Mary, aliiangalia damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini akaona kijidudu kirefu kinachojinyonganyonga. Akathibitisha kwamba kijidudu hicho kinapelekwa na mbung'o. Mbung'o ni nzi mkubwa kidogo kuliko wa nyumbani, na akitua huzikunja mbawa zake moja juu ya nyingine. Anakula damu tu. Akimnyonya nyati au pongo mwenye kijidudu, kisha akamuuma farasi, anamwachia farasi ugonjwa uitwao nagana. Nyati haumwi, kwa sababu yeye na kijidudu wamezoeana vizazi na vizazi. Farasi ni mgeni. Damu yake inaharibika, anakuwa mweupe ndani ya midomo, anakonda ijapokuwa anakula, macho yanatoka machozi, miguu inavimba. Wiki chache baadaye analala chini na haamki.

Haya yaliandikwa vitabuni miaka karibu 20 kabla ya vita. Majemadari wangeweza kuyasoma.

Mwezi Februari 1916 Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini alipewa uongozi wa jeshi la Waingereza. Alikuja na vikosi vikubwa vya wapanda farasi, maana vita alivyovijua yeye vilipiganwa kwenye nyika za kwao, na farasi ndiye aliyekupa mbio za kumzunguka adui. Mwezi Machi wakaingia Moshi. Kisha wakateremka kwa bonde la Mto Pangani, wakapita Handeni, wakafika Morogoro mwishoni mwa Agosti. Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ikachukuliwa. Ukiitazama njia hiyo kwenye ramani utadhani ni ushindi mtupu. Lakini sehemu kubwa ya njia ilikuwa msitu wa mbung'o, na mvua zilipoanza barabara zikageuka tope, magari yakazama.

Kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba mwaka huo, miezi miwili tu, jeshi la Waingereza lilipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu wapatao 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Nyumbu ninaowasema si wale wa Serengeti. Ni mtoto wa punda dume na farasi jike, mnyama mwenye nguvu na ustahimilivu, na jeshi la India lilikuja nao wakiwa wamebeba mizinga midogo ya milimani iliyofunguliwa vipande vipande: mmoja ana mtutu, mwingine magurudumu. Hata hao walikufa. Matabibu wa wanyama waliwapa dawa ya aseniki, ambayo ni sumu, ili wapate siku chache zaidi za kazi. Haikuwa tiba. Ilikuwa njia ya kumfanya mnyama atembee mpaka aanguke.

Umeuliza kama walijaribu kuwaficha. Walijaribu, lakini walikuwa wakiwaficha kwa adui, si kwa nzi. Ipo picha ya wakati ule inayoonyesha farasi aliyechorwa mistari akafanana na pundamilia, ili akionekana kwa mbali adui adhani ni mnyama wa porini. Ajabu ni kwamba katika miaka yetu hii wataalamu wamewavisha farasi mavazi ya milia na kuona kwamba nzi wanaouma hushindwa kutua vizuri juu yao. Kwa hiyo atakayetaka kumchora farasi wake mistari, namruhusu, mradi aeleze sababu zote mbili akiulizwa.

Turudi kazini, karatasi zimekauka. Ongezeni shingo, na kichwa cha sentimita sita. Mashavu yawe mapana, pua ijae. Singa za shingo na mkia ni katani iliyochanwa kwa sindano kisha ikapakwa rangi ya chai iliyokolea. Mwili uwe wa kahawia au kijivu, usiong'aa, na mbavu zionekane kidogo. Msimfanye mnene. Farasi mnene hakuwahi kufika Morogoro.

Tandiko la mizigo ndilo linalonifanya niipende kazi hii, maana ndani yake kuna akili nyingi. Watu hudhani mzigo unawekwa tu juu ya mgongo. Ukifanya hivyo, siku ya pili mgongo una vidonda, na nzi wote wa pori watajua. Tandiko lina matao mawili, moja mbele na moja nyuma, yaliyounganishwa kwa mbao za ubavuni. Kateni vijiti vya aiskrimu kwa mbao, na waya kwa matao. Chini yake kuna mito miwili iliyojazwa majani au manyoya, mmoja kila upande, na katikati inaachwa nafasi tupu ili uti wa mgongo usiguswe na kitu chochote. Uzito wote unabebwa na mbavu. Shoneni mito kwa vitambaa vya kaki vilivyobaki kwa fundi cherehani, mjaze pamba.

Kisha mikanda mitatu ya ngozi. Wa kwanza unapita chini ya tumbo, unalikaza tandiko. Wa pili unapita kifuani, unalizuia lisirudi nyuma farasi akipanda mlima. Wa tatu unazunguka matako, unalizuia lisimteremkie shingoni akishuka. Mtoto mmoja anaweza kusema mkanda wa tatu hauonekani sana, auache. Asiuache. Mpeleke farasi asiye na mkanda huo kwenye mteremko wa Milima ya Uluguru uone.

Sasa mzigo. Mnyama mmoja alipangiwa kubeba kama kilo 72, mbali na tandiko. Sisi tunapunguza vitu mara kumi. Je, kilo 72 zitakuwa kilo 7?

Hapana. Fikirini kwanza. Tumepunguza urefu mara kumi, upana mara kumi, na kimo mara kumi. Kumi mara kumi mara kumi ni 1,000. Kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 1,000, na kilo 72 zinakuwa gramu 72. Farasi mwenyewe, mwenye kilo 400, anapaswa kuwa na gramu 400. Nendeni dukani mkaombe mizani. Farasi akipungua, mwongezeeni udongo tumboni na kwenye mapaja. Kisha kila kiberiti kitiwe mchanga mpaka kifike gramu 36, kimoja kila upande. Visipolingana, tandiko litapinda mbele ya macho yenu, na mtaelewa kwa nini mpakiaji wa jeshi alipima kila asubuhi kabla jua halijachomoza.

Vizuri. Farasi amesimama na mzigo wake. Ni chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya uzito wake.

Mngeishia hapa mngekuwa mmeunda farasi mzuri, na habari yake mngeiacha katikati. Farasi alipoanguka njiani, masanduku yake hayakulala pale. Askari walikuwa mbele, wana njaa, risasi zinakwisha. Nani aliyabeba?

Watu. Waingereza wenyewe waliajiri au kuwakamata wanaume wapatao milioni moja kwa muda wote wa vita, kutoka nchi zilizo leo Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, Kongo na kwingineko. Mwaka 1917 huko Kenya iliamriwa wachukuliwe kwa wingi, kijiji kwa kijiji. Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo upande wao, wakiwatoa watu mashambani na kuwaachia wake zao jembe na watoto. Hesabu rasmi za Waingereza zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Wachache waliuawa na risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na unga wa mahindi usioiva vizuri uliopikwa usiku kwenye mvua, wakala watu ambao kwao walizoea ndizi.

Mpagazi alibeba kama kilo 25. Muundeni kwa kipimo kile kile: mtu wa sentimita 165 anakuwa na sentimita 16 na nusu. Yaani amemzidi farasi begani kwa sentimita moja na nusu tu. Uzito wake kilo 55, basi gramu 55. Mzigo wake gramu 25. Muwekeeni kichwani.

Mnaona anavyoyumba? Farasi alibeba chini ya sehemu moja ya tano ya mwili wake. Huyu anabeba karibu nusu. Na tumbo lake ni dogo. Farasi hula majani ya njiani, yeye anahitaji kupikiwa. Tuchukue kwamba anakula kilo moja ya chakula kwa siku. Kama kambi iko mwendo wa siku kumi, atakula kilo kumi kwenda na kilo kumi kurudi. Katika zile 25 alizotoka nazo, zinazofika kwa askari ni tano. Na mkisema kuna maghala ya chakula njiani, mmesema kweli, yalikuwepo. Nani alikijaza chakula kwenye maghala hayo?

Ukipanda daladala ya Segerea kwenda Kariakoo, unashuka pale pale ilipokuwa kambi ya wapagazi hao. Waingereza walipouchukua mji, waliwaweka wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, kwenye uwanja uliokuwa hapo. Jina la Kariakoo limetokana nao. Soko lilifunguliwa baadaye, miaka ya 1920, na jengo lake kuu lilisanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970.

Kisha nendeni Posta, Barabara ya Samora, mkamtazame askari wa shaba aliyesimama na bunduki yenye singe. Aliwekwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi pia, lakini kwenye shaba yupo askari peke yake. Nairobi wamesimama watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mimi naona yule wa Nairobi amesemwa kwa ukweli zaidi. Hata makaburi ya wapagazi wengi hayajulikani yalipo, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa ndugu zao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Kwa hiyo kibao tutakachowasimamishia hakitakuwa cha farasi mmoja. Tupige hesabu kwa safari ile ya siku kumi. Farasi wetu alikuwa na kilo 72. Kila mpagazi anafikisha kilo tano. Sabini na mbili kwa tano ni kumi na nne na kitu, na hicho kitu nacho lazima kibebwe na mtu. Kumi na tano.

Mko watano. Kila mmoja akate waya wa watu watatu. Miguu iwe peku, magoti yakunjwe kidogo kwa uzito, shingo ziwe nene. Mmoja ashike fimbo, mwingine aweke kata ya majani kichwani chini ya mzigo, mwingine abebe sufuria ya wote. Vitambaa vya kiunoni visitoke kwenye gunia moja, kwa sababu watu hawa hawakutoka sehemu moja. Na nyuso zao zichongwe kabla karatasi hazijakauka, kila uso kivyake. Sitaki kuona hata wawili wanaofanana.